Siku ya Kwanza ni Jumatatu: Moduli za Perl kwa Asiye na Ufunguo wa Mashine

Larry Wall aliwahi kupanga safari ya Afrika ambayo haikufanyika. Yeye na mkewe walikuwa wakisoma isimu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na nia yao ilikuwa kutafuta lugha isiyo na maandishi, pengine ya Afrika, waiundie namna ya kuandikwa. Afya ikazuia. Wall akaingia kwenye kazi ya kompyuta, na tarehe 18 Desemba 1987 akatoa bure lugha ya aina nyingine, ya kuiamrisha mashine, jina lake Perl. Hata hivyo mwanaisimu hakuondoka moja kwa moja. Perl ilizaliwa kwa ajili ya maandishi: kulitafuta neno, kulikata, kulibadilisha, kulipanga upya. Kevin Scannell wa Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, aliitumia kuunda An Crúbadán, programu inayozunguka kwenye intaneti ikiokota maandishi ya lugha ndogo, na imeokota ya lugha zaidi ya 2,000. Koha, programu ya maktaba iliyoandikwa New Zealand na kuanza kazi Januari 2000, ni Perl, na maktaba nyingi za vyuo vya Afrika Mashariki hukopesha vitabu kwa msaada wake.

Mhadhara huu unamhusu mtu aliye Mboko.

Mboko iko kando ya Ziwa Tanganyika, teritwari ya Fizi, Kivu Kusini, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Baraka. Anayetaka kufanya kazi ya kompyuta pale ana milango mitatu. Wa kwanza ni sekretariati, kile chumba chenye mashine moja au mbili, printa na paneli ya jua juu ya bati, ambapo watu huchapisha barua na kutoa kopi. Wa pili ni simu yake mwenyewe. Wa tatu ni seva ya mbali ya chuo, ya shirika, au ya kampuni inayokodisha nafasi za tovuti. Kwenye milango yote mitatu hali ni moja: ufunguo mkuu wa mashine anao mtu mwingine. Hata simu aliyoinunua kwa fedha yake haimpi ufunguo huo, kwa sababu aliyeiunda ameufungia ndani. Kwa hiyo kitabu kinachoanza kwa kusema "ingia kama msimamizi" kimeanza mahali ambapo msomaji wa Mboko hayupo.

Mfano utakaofuatwa hapa ni kazi ndogo. Yupo katibu, wa kufikirika lakini si mgeni kwa mtu yeyote, wa chama cha wavuvi. Anataka kuchapa orodha ya mikutano ya mwaka mzima, kila mkutano na tarehe yake na jina la siku, kwa Kiswahili wanachokisema wanachama. Kazi ya dakika tano, mtu angedhani. Ugumu unaanza kwenye majina ya siku.

Kiswahili cha mwambao na cha Tanzania kinahesabu juma kuanzia Jumamosi, ambayo ndiyo mosi. Jumapili ni ya pili, Jumatatu ya tatu, hivyo hivyo hadi Jumatano. Baada ya hapo inaingia Alhamisi, iliyotoka kwa Waarabu na hesabu yake yenyewe, nayo maana yake ni ya tano. Wiki ya mwambao kwa hiyo ina tano mbili zinazofuatana, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kiswahili cha Kongo kimechukua njia nyingine. Jumapili ni siku ya yenga, neno lililo ndugu wa *eyenga* la Kilingala. Jumatatu ni siku ya kwanza, Jumanne siku ya pili, Jumatano siku ya tatu. Mfanyabiashara wa Kigoma akiambiwa mzigo utakuwa tayari siku ya tatu, anaweza kuvuka ziwa na kufika Jumatatu, siku mbili kabla ya mzigo. Fizi ina watu wengi waliokaa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma, wakarudi na hesabu ya Tanzania mdomoni. Basi katika nyumba moja bibi anasema siku ya kwanza na mjukuu anasema Jumatatu, na wote wawili wanazungumzia siku ile ile.

Kompyuta nayo imeingizwa kwenye jambo hili. Shirika la Unicode linatunza hazina iitwayo CLDR, ambamo kila lugha imeandikiwa majina ya siku, ya miezi, alama ya fedha na mengineyo. Kulikuwa na wakati Kiswahili cha Kongo kilikuwa na faili lake humo, kwa msimbo swc. Ndani yake siku ya yenga ilikuwapo, na siku ya kwanza, na miezi ilitajwa kama inavyotajwa Kongo: mwezi ya kwanja, mwezi ya pili, mwezi ya ine, mwezi ya munane. Mwalimu wa sarufi sanifu atashika kichwa akiona "mwezi ya". Msemaji wa Mboko atasoma na kuendelea na kazi. Baadaye msimbo huo uliondolewa na Kiswahili cha Kongo kikawekwa chini ya Kiswahili cha jumla, kwa alama sw-CD.

Kwa upande wa Perl, hazina hiyo inafika kwa mtumiaji kupitia moduli. Moduli ni kipande cha programu alichokwisha kukiandika mtu mwingine, kinachoitwa na programu yako kikufanyie kazi usiyotaka kuirudia. DateTime ya Dave Rolsky ni moduli ya kalenda: inajua miaka mirefu, inajumlisha miezi, inajua kwamba Mboko inafuata saa za Lubumbashi, saa mbili mbele ya UTC, wakati Kinshasa iko saa moja mbele na Kigoma, ng'ambo ya ziwa, saa tatu. Mwenzake, DateTime::Locale, imetengenezwa kutoka CLDR, na katika orodha yake sw-CD imekaa jirani na sw-KE, sw-TZ na sw-UG.

Ipo sadfa moja hapa ambayo katibu ataifurahia. DateTime inazipa siku namba kwa kufuata kanuni ya kimataifa ya ISO 8601: Jumatatu ni 1, Jumanne ni 2, Jumamosi ni 6, Jumapili ni 7. Hesabu ya Mboko na hesabu ya kanuni ya kimataifa zinalingana namba kwa namba. Aliye pembeni, kwa mara moja, ni mtu wa pwani.

Sasa katibu anaandika programu yake na kuiendesha kwenye seva aliyopewa nafasi. Perl ipo, maana karibu kila mashine ya Linux huja nayo. DateTime haipo, kwa sababu haimo katika vifaa vinavyofungwa pamoja na Perl. Jibu linalotokea kwenye kioo ni "Can't locate DateTime.pm in @INC", na baada yake msururu wa majina ya folda. Wengi huona jibu hilo wakafunga mashine. Wanakosea, kwa sababu sentensi hiyo imebeba ramani nzima.

@INC ni orodha ya folda ambazo Perl inapita kutafuta moduli, moja baada ya nyingine kwa mpangilio. Ikiitwa DateTime, Perl inaingia folda ya kwanza na kuuliza kama kuna faili DateTime.pm. Ikikosa, inakwenda ya pili, ya tatu, mpaka mwisho. Ya kwanza kupatikana ndiyo inayotumika, na zilizo nyuma hazitazamwi tena. Folda zote zilizomo mwanzoni ni mali ya mfumo. Mtumiaji wa kawaida anaweza kuzisoma lakini hawezi kuweka kitu. Lakini orodha yenyewe si mali ya msimamizi! Kila anayeendesha Perl anaruhusiwa kuongeza folda zake mbele ya zile, bila kumwomba mtu. Anaweza kufanya hivyo ndani ya programu kwa mstari unaoanza na `use lib`, au nje yake kwa kigeu kiitwacho PERL5LIB.

Hapo ndipo habari yote ilipo. Anayenyimwa ruhusa ya kuandika kwenye folda za mfumo hajanyimwa moduli. Amenyimwa mahali pamoja tu pa kuziweka, na anapo pake pengine: folda ya nyumbani, ambayo kila mtumiaji wa Linux anayo na ambayo ndani yake yeye ndiye mwenye amri. Mpangaji hawezi kuvunja ukuta wa nyumba ya watu aweke kabati. Lakini kabati lake analiingiza chumbani kwake, na mwenye nyumba hana neno.

Moduli zenyewe zinatoka CPAN, hazina ya hiari iliyofunguliwa mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya Perl 5 kuleta mfumo wa moduli. Makao yake ya kwanza yalikuwa seva ya mtandao wa vyuo vya Finland, FUNET. Leo ina moduli zaidi ya 200,000, zilizowekwa na maelfu ya watu wasiolipwa kwa kufanya hivyo. Zamani kusakinisha moja kwenye folda yako kulihitaji subira ya mvuvi: kupakua furushi, kulifungua, kuandika `perl Makefile.PL INSTALL_BASE=~/perl5`, kisha `make`, `make test`, `make install`, halafu kugundua kwamba moduli hiyo inataka nyingine tatu, na kila mojawapo inataka mbili. DateTime inavuta nyuma yake moduli kadhaa za namna hiyo.

Watu wawili walimaliza karaha hiyo. Matt Trout, Mwingereza, alitoa local::lib mwaka 2007, moduli ambayo kazi yake yote ni kupanga vigeu vitano vya mazingira ili Perl, na vyombo vyote vya kusakinisha, vielekee kwenye folda ya mtumiaji, kwa kawaida `~/perl5`. Mwaka 2010 Tatsuhiko Miyagawa, Mjapani, akatoa cpanminus, amri yake `cpanm`: faili moja lisilohitaji moduli nyingine ili lifanye kazi. Ukiiambia unataka DateTime, inakwenda CPAN, inasoma zinazohitajika, inazileta, inazijenga, inazijaribu, inaziweka. Ikigundua kwamba haina ruhusa ya kuandika kwenye folda za mfumo, haikati tamaa. Inatoa onyo na kuelekea yenyewe `~/perl5`.

Kwa katibu wetu, basi, kazi ni mistari hii:

`curl -L https://cpanmin.us | perl - --local-lib=~/perl5 App::cpanminus local::lib`

`eval "$(perl -I$HOME/perl5/lib/perl5 -Mlocal::lib)"`

`cpanm DateTime DateTime::Locale`

Mstari wa kati ndio unaosahaulika. Unafanya kazi kwa muda ambao dirisha lile la amri liko wazi; likifungwa, kila kitu kinarudi kama zamani na Perl inadai tena kwamba DateTime haijulikani. Dawa ni kuuandika mstari huo mwishoni mwa faili `~/.bashrc`, usomwe kila unapoingia.

Mstari wa kwanza nao unastahili kutazamwa kwa jicho kali. Unachukua programu kutoka intaneti na kuiendesha papo hapo, bila kuisoma. Kila moduli pia inakuja na faili Makefile.PL au Build.PL, ambalo ni programu kamili ya Perl, na inaendeshwa kabla hujaitumia moduli yenyewe. Anayeisakinisha akiwa na ufunguo mkuu ameikabidhi mashine yote kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Anayeisakinisha akiwa mtumiaji wa kawaida ameikabidhi folda yake tu. Ndiyo sababu msimamizi anayekataa kutoa neno la siri si lazima awe mchoyo. Hata mwenye ufunguo angefanya vyema kuuacha mezani, kwa sababu Perl ya mfumo ina kazi za mfumo: kwenye Linux ya Debian, debconf, chombo kinachouliza maswali wakati programu zinaposakinishwa, kimeandikwa kwa Perl. Ukiibadilishia moduli zake bila kujua, unaweza kulala na mashine nzima na kuamka na mashine isiyoweza kusakinisha chochote.

Wenye Perl wenyewe walijifunza somo la usalama kwa kuchelewa. Kwa miaka mingi mwisho wa orodha ya @INC ulikuwa na nukta moja, maana yake "folda uliyosimama sasa hivi". Mtu mwovu aliweza kuacha faili lenye jina la moduli katika folda ya wote, akangoja mwenye ufunguo apite hapo na kuendesha kitu. Nukta hiyo iliondolewa katika Perl 5.26, Mei 2017. Programu nyingi za zamani zilivunjika siku hiyo, na bado zipo zinazookotwa leo zikilia kwa sababu hiyo hiyo. Tiba yake ni `use lib` na jina la folda kwa ukamilifu.

Hayo yote yamesemwa kana kwamba katibu ana seva ya Linux na mtandao usiokatika. Sasa twende Mboko yenyewe.

Sekretariati ina Windows, na akaunti ni moja kwa wote. Anayekuja kuchapa cheti cha ubatizo na anayekuja kuandika programu wanaingia kwa jina lile lile, kwa hiyo "folda ya nyumbani" hapo ni nyumba ya kila mtu. Na kijana akiomba kuweka programu, jibu linajulikana: "Hapana, mwana, utaniharibia mashini." Mwenye sekretariati ana haki, mashine hiyo ndiyo karo ya watoto wake. Njia iliyobaki ni kle, kama watu wa Fizi wanavyoita flashi kwa kufuata Kifaransa. Strawberry Perl, ambayo ni Perl ya Windows, ina toleo la kubebeka: furushi la zip linalofunguliwa juu ya kle, ndani yake mna Perl, mna `cpanm`, mna hata kompaila ya C. Unabofya `portableshell.bat` na unapata dirisha la amri ambalo kila kitu chake kinakaa juu ya kle. Hakuna kinachosakinishwa kwenye mashine ya mwenyewe. Kle ikichomolewa, Perl imeondoka nayo mfukoni.

Simu ni bora kuliko watu wanavyodhani. Kwenye Android ipo Termux, programu inayokupa dirisha la amri kama la Linux. `pkg install perl` inaleta Perl. `pkg install make clang` inaleta vyombo vya kujengea moduli zenye sehemu za C. Android inaipa kila programu folda yake ya siri ambayo programu nyingine haziruhusiwi kuingia, na Termux imejenga Linux yake yote ndani ya folda hiyo. Kwa hiyo mtu asiye na ufunguo wa simu yake anajikuta ana ufunguo wa mji mzima uliojengwa ndani ya chumba kimoja. Kule, hata folda inayoitwa ya mfumo ni yake, na hata local::lib haihitajiki. Kinachochosha ni kibodi ya vidole gumba na betri. `cpanm` hujaribu kila moduli kabla ya kuiweka, jambo jema, ila majaribio ya DateTime na jamaa zake yanakula chaji. `cpanm --notest` inayaruka, nayo inafaa jua likishazama nyuma ya milima ya Fizi na paneli haileti kitu.

Kisha kuna mega, yaani data ya intaneti. Anayenunua mega kwa kipimo hawezi kupakua mara tatu moduli ile ile, moja kwa ajili ya simu, moja kwa ajili ya kle, moja kwa ajili ya rafiki. Tatizo hili lina jibu lililobuniwa zamani na mtu aliyekuwa na tatizo tofauti. Randal Schwartz, mwandishi wa vitabu vya Perl, alitaka kusafiri na CPAN bila mtandao, akaandika programu fupi inayonakili toleo la mwisho tu la kila furushi na kuacha makuukuu yote. Ricardo Signes akaigeuza kuwa moduli, CPAN::Mini, na amri yake ni `minicpan`. CPAN yote ya leo, ikipunguzwa hivyo, ni gigabaiti chache. Inaingia kwenye kle ndogo na nafasi ya nyimbo inabaki.

Hivyo mtu mmoja aliye Bukavu au Bujumbura, penye mtandao wa bei nafuu, anaweza kuendesha `minicpan -l /media/kle/minicpan -r https://www.cpan.org/`, akaifunga kle kwenye leso na kumpa abiria wa gari la Baraka. Ikifika Mboko, amri ni `cpanm --mirror file:///media/kle/minicpan --mirror-only DateTime`, na hakuna mega hata moja inayoliwa. Kle ile ile inazunguka kwa kila anayeitaka. Hii ni CPAN kwa njia ya barabara, na wakati wa mvua ina kasi ya barabara, lakini ikifika imefika yote.

Ziko pia moduli zisizohitaji kusakinishwa kabisa. ExifTool ya Phil Harvey, iliyoanza mwaka 2003, inasoma habari zilizofichwa ndani ya picha: saa iliyopigwa, aina ya kamera, mara nyingine mahali penyewe kwa GPS. Imeandikwa kwa Perl tupu. Unafungua furushi popote unapopenda na kuiendesha palepale. Mwandishi wa redio au mtunza kumbukumbu anayetaka kujua kama picha ya mafuriko aliyotumiwa ni ya jana au ya miaka mitano iliyopita ana sababu ya kuwa nayo kwenye kle, huku akikumbuka kwamba picha ikipita WhatsApp habari hizo hunyofolewa njiani.

Perl tupu na Perl yenye C ni tofauti inayowaangusha wengi baadaye. Moduli ya Perl tupu ni maandishi. Inafanya kazi kwenye simu, kwenye kle na kwenye seva bila kubadilika. Moduli yenye sehemu ya C imejengwa kwa mashine fulani na kwa toleo fulani la Perl. Msimamizi wa seva akisasisha Perl usiku kutoka toleo kubwa moja hadi jingine, asubuhi folda yako inakataa, na ujumbe unaotoka unasema maktaba na Perl hazioani. Moduli hazijapotea wala hujarogwa. Zinahitaji kujengwa upya, nayo ni kazi ya kufuta `~/perl5` na kuiita `cpanm` tena kwa orodha uliyoiandika mahali. Aliyeiandika orodha hiyo anamaliza kabla ya chai. DateTime ina sehemu ya C kwa ajili ya kasi, lakini ina pia njia ya Perl tupu inayoshika kazi sehemu hiyo ikikosekana, na kwa orodha ya mikutano ya wavuvi hakuna atakayeona tofauti.

Mtego mwingine unawapata wanaojiona wamekwisha kujua. Programu inafanya kazi vizuri ikiendeshwa kwa mkono. Katibu anaipanga iendeshwe na cron, chombo cha Linux cha kuendesha programu kwa saa zilizopangwa, saa kumi na moja alfajiri, itume ukumbusho. Alfajiri inakuja, ukumbusho hauji. Sababu ni kwamba cron haisomi `~/.bashrc`, haijui PERL5LIB, haijui `~/perl5`, inaona folda za mfumo peke yake. Seva ya tovuti nayo iko hivyo hivyo. Na Perl ikiendeshwa kwa hali ya tahadhari, ile ya `-T`, inapuuza PERL5LIB kwa makusudi. Kwa programu zinazoendeshwa pasipo mtu, njia ya folda iandikwe ndani ya programu yenyewe: `use lib '/home/katibu/perl5/lib/perl5';`. Inaonekana ya kishamba. Ndiyo inayofanya kazi.

Mambo haya si ya Mboko peke yake. Kwenye taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, jijini Nairobi, watafiti wa jenomu hutumia kompyuta kubwa ya pamoja, kama zilivyo kompyuta za utafiti kote duniani, na katika mashine za namna hiyo mtafiti hapewi ufunguo mkuu. Uchambuzi wa jenomu umetegemea Perl tangu mwanzo: mwaka 1996 Lincoln Stein aliandika makala kueleza jinsi lugha hii ilivyouokoa mradi wa jenomu ya binadamu, pale maabara mbili kubwa zilipogundua kwamba data zao hazisomeki kwa wenzao. Profesa mwenye data ya ndigana na katibu mwenye orodha ya mikutano wote wanafungua `~/perl5` kwa amri ile ile.

Limebaki jina la siku. DateTime::Locale inatoa sw-CD, lakini aliyeyachagua maneno yake hakuuliza Mboko, na katibu anaweza kuona kwamba Kiswahili kilichomo si kile anachokisikia gatini. Kwa hili folda yake ina kazi ya pili. Ndani yake haziwekwi moduli za watu tu. Anaweza kutengeneza folda `Kalenda`, na ndani yake faili `Mboko.pm`, aandike majina saba kwa mpangilio wa kuanzia Jumatatu, kisha aombe jina kwa `$siku[$dt->day_of_week - 1]`. Moja inatolewa kwa sababu Perl huanza kuhesabu orodha kwenye sifuri, kwa hiyo siku ya kwanza inakaa nafasi ya sifuri. Huo ndio ugomvi pekee uliobaki kati ya Perl na Kiswahili cha Kongo.

Majina matano ya mwanzo hayana mjadala, na la saba ni siku ya yenga. La sita linataka kuamuliwa. Faili la zamani la swc lilisema siku ya sita. Wengi wa Kivu husema siku ya posho, na posho ni ule mgao wa chakula aliokuwa akipewa mfanyakazi. Katibu anawauliza wazee wawili waliokaa kwenye benchi wakishona nyavu, anafuta siku ya sita, anaandika walivyosema, anahifadhi faili na kuiendesha programu. Mstari wa mkutano wa Juni unatoka kwenye printa ya sekretariati: siku ya posho, tarehe 6, mwezi ya sita, 2026.